Mwongozo Mfukoni, Nagona Mkononi: Tuhesabu Kutoka Tisa

Ziko riwaya unazosoma ukiwa umelala chali, na ziko zinazokuamsha ukae kitako. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni ya kundi la pili. Ilitolewa mwaka 1990 na Dar es Salaam University Press, haifiki kurasa mia moja, na bado imewatoa jasho wanafunzi wa fasihi kuliko vitabu vinene mara tano yake. Mtu anaianza baada ya chakula cha jioni, anaimaliza kabla ya kulala, anaifunga, analitazama jalada, kisha anauliza: haya, nimesoma nini?

Hapo ndipo mwongozo unapobisha hodi. Wakenya huuita hivyo hivyo, mwongozo. Chuoni Dar es Salaam utasikia uchambuzi, kitini, au madesa ikiwa msemaji anakimbizana na mtihani. Kuna walimu wanaouona kama mwizi wa usomaji, na kuna wanafunzi wanaouamini kiasi cha kutoigusa riwaya yenyewe. Mimi nauunga mkono mwongozo, tena kwa mikono miwili. Ila kazi zake ni nyingi na uzito wake haulingani. Basi nimezipanga, kuanzia ile inayokufaa kidogo kabisa hadi ile ambayo usipoipata Nagona itaendelea kukununia.

9. Muhtasari wa sura

Kila mwongozo unaanzia hapa, na wasomaji wengi wanaishia hapa. Kwa riwaya kama Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) muhtasari unasaidia kwelikweli: siri za Mtemi Nasaba Bora zinafichuka moja baada ya nyingine, na ukisahau nani alimdhulumu nani, umeachwa na gari.

Sasa jaribu kuifanyia Nagona. Mtu asiye na jina anasafiri. Anafika kwenye mji wa kimya. Anakutana na watu wenye fikra nzito. Anamtafuta mwanamke fulani, na kuna Ngoma Kuu inayosubiriwa. Basi, kila sentensi hapo ni ya kweli, na bado hujaambiwa kitu. Ni sawa na kumsimulia mtu utamu wa biriani kwa kumsomea risiti ya dukani.

Soma muhtasari, ndiyo, lakini usome ukiwa umeshamaliza kitabu, ili uone tu kama hukuruka ukurasa.

8. Orodha ya wahusika na sifa zao

Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) orodha hii ni dhahabu. Karama yuko mbele ya baraza, waziri Majivuno anamshtaki, na utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Majina yanatangaza tabia za wenyewe. Mwalimu akiandika "majazi" ubaoni, darasa zima linapanda naye gari moja.

Nagona haina huruma hiyo. Anayesimulia ni "mimi", na huyo mimi hakupewa jina, hakupewa ukoo, wala hatuambiwi kwao ni wapi kwa namna ambayo ungeweza kumtumia barua. Mwongozo ukifika hapo unaandika: mdadisi, mvumilivu, jasiri. Mtu yeyote aliyewahi kusimama foleni ya maji anastahili sifa hizo tatu. Swali lenye maana ni kwa nini mwandishi amemnyima jina mtu anayebeba kitabu kizima, na mwongozo unaouliza swali hilo, hata usipolijibu, una thamani kuliko wenye sifa kumi na mbili.

7. Istilahi

Uhalisiajabu. Mwingilianomatini. Usasabaadaye. Ukiwa na Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003) mezani, maneno haya hayatakutisha. Yamefafanuliwa vizuri, na kamusi hiyo ni kitabu ambacho kila mpenzi wa fasihi anapaswa kuwa nacho.

Tahadhari ni moja tu. Ukishaandika kwamba Nagona ni riwaya ya kihalisiajabu, usiweke kalamu chini. Umeibandika chupa lebo. Dawa bado haijanywewa.

6. Wasifu wa mwandishi

Ukurasa huu watu wanauruka. Rudi! Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alisoma seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tasnifu yake ya uzamili ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Miaka ya baadaye alifundisha Botswana. Alifariki Januari 2020.

Weka hayo karibu na Nagona uone yanavyowaka. Mkombozi wa pili anayengojewa katika riwaya hii hakuzuka hewani; aliandikwa na mtu aliyepita seminari na kuyajua maandiko kwa undani. Mazungumzo na wanafalsafa yaliandikwa na mtu aliyetumia miaka akibishana nao kwa nguvu zote za kitaaluma, na akauliza kwa nini fasihi ya Kiafrika isomwe kwa mizani ya watu wengine.

Ila wasifu una tamaa. Ukiuachia, utataka kueleza kila kitu, na kila mto katika kitabu utageuka kuwa Ziwa Victoria. Upe nafasi ya mgeni: ukae sebuleni, usiingie jikoni.

5. Dondoo

Waliofanya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, wanalijua sharti hili hadi usingizini: eleza muktadha wa dondoo. Nani anasema? Anamwambia nani? Wako wapi? Kwa sababu gani? Watu wengi huliona kama zoezi la kukariri, na kwa vitabu vingi ndivyo linavyotumika.

Kwa Nagona zoezi hilo hilo linageuka kuwa chombo kikali. Chagua aya yoyote ya mazungumzo uulize: nani anasema? Utashangaa ni mara ngapi huna hakika. Anamwambia nani? Huenda anajiambia mwenyewe. Wako wapi? Mahali palikuwa msitu, sasa si msitu tena. Ni lini? Usiniulize, saa ya kitabu hiki haiendi mbele tu. Mwanafunzi anayejaza majibu hayo manne kwa uaminifu, akiandika "haijulikani" pale isipojulikana, amekwisha kufanya uhakiki. Ameona kwa macho yake kwamba mwandishi amezing'oa kwa makusudi nguzo ambazo riwaya nyingine zote huegemea, na kwamba nyumba bado imesimama.

Ningependa kuona miongozo yenye maswali ya namna hii na nafasi tupu chini yake. Iliyo mingi huweka jibu mstari unaofuata, na macho ya binadamu ni mepesi.

4. Kukuondolea aibu

Hii haimo katika yaliyomo ya mwongozo wowote, lakini ni kazi yake kubwa. Unaponunua mwongozo unapata habari njema: kitabu hiki kimewashinda watu wengine pia, hadi mtu akaona kuna haja ya kuandika kingine cha kukieleza.

Na wala si jambo la kwetu peke yetu. Toronto, mwaka 1948, ndugu wawili wenye duka la vitabu, Jack na Carl Cole, walianza kutoa vijitabu vya Coles Notes. Miaka kumi baadaye, Lincoln, Nebraska, Clifton Hillegass akakopa dola 4,000 na kuanza na vijitabu 16 vya tamthilia za Shakespeare. Ndivyo CliffsNotes zilivyozaliwa, zile zenye jalada la manjano na jeusi. Hillegass mwenyewe aliwaambia wanafunzi waziwazi kwamba vijitabu vyake havichukui nafasi ya kitabu chenyewe. Muuza miwani aliwasihi watu wasiache kutazama, na miwani ikauzika kwa mamilioni.

Kisha yuko James Joyce. Ulysses ilitoka Paris mwaka 1922, lakini tangu 1920 Joyce alikuwa amekwisha kumpelekea Carlo Linati wa Italia jedwali la kueleza sura zake: hii ina kiungo hiki cha mwili, ile ina saa ile, nyingine ina ishara ile. Mwaka 1930 Stuart Gilbert akatoa kitabu kizima cha kuifafanua, akisaidiwa na Joyce. Yaani mtu anaandika riwaya, halafu anawagawia marafiki ramani! Kama mwandishi mwenyewe aliona wasomaji wake wanahitaji mwongozo, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekaa na Nagona maktabani hana sababu ya kuuficha wake ndani ya gazeti.

3. Kukuonyesha vitabu vilivyo nyuma ya kitabu

Hapa mwongozo mzuri unaanza kulipa deni lake lote. Nagona ni kitabu kinachozungumza na vitabu. Humo ndani unakutana na majina kama Plato, Marx na Nietzsche, na mhusika wetu asiye na jina anapita katikati yao akitafuta kitu ambacho wao, pamoja na sifa zao zote duniani, hawakukifikia au walikifikia nusu. Msomaji asiyewajua anaona majina ya kigeni tu. Msomaji aliyeambiwa mistari mitatu kuhusu kila mmoja anaona mahakama.

Chukua Nietzsche. Kati ya 1883 na 1885 aliandika kitabu kuhusu Zarathustra, mtu anayeshuka mlimani kuwaletea watu habari wasizotaka kuzisikia, naye anasifu kucheza na kucheka kuliko uzito wa mahubiri. Ukishajua hilo, Ngoma Kuu ya Kezilahabi inabadilika mbele yako. Unaanza kuuliza kwa nini kitabu kinachotafuta ukweli kinaelekea kwenye ngoma badala ya kuelekea kwenye mhadhara. Na hapo ndipo unapopaswa kujihadhari na mwongozo unaokimbilia kusema: basi, ameiga Nietzsche, tumemaliza.

Hatujamaliza. Ngoma haikuhitaji kuletwa kutoka Ujerumani kwa meli. Mtoto wa Ukerewe anajua ngoma ni nini: ni mahali ambapo jamii nzima inafikiri kwa miguu, na asiyecheza hajui kinachosemwa. Masimulizi ya safari, ambamo mtu anaondoka peke yake, anakutana na wazee wenye mafumbo na kuulizwa asichokijua, yamo katika ngano za bibi zetu. Kezilahabi ameyaketisha haya mawili mkeka mmoja, ngano na falsafa, kisha akaweka Biblia katikati. Mwongozo unaoona Ulaya tu umesoma theluthi moja ya kitabu. Unaoona mila tu umesoma theluthi nyingine. Mwanafunzi anayepata maksi za juu kabisa, na anayestahili, ni yule anayesikia sauti zote tatu zikizungumza kwa wakati mmoja katika aya ileile.

Shauri la vitendo: usiende kusoma vitabu vyote vya Marx kwanza, utarudi na mvi. Pata maelezo mafupi ya kila mwanafalsafa, ya ukurasa mmoja mmoja, uyaweke kama alamisho ndani ya riwaya. Kwa Biblia soma masimulizi ya kuzaliwa kwa Yesu na Kitabu cha Ufunuo. Kwa ngano, mtafute bibi au babu, ukiwa na bahati ya kuwa naye. Yeye hana haki za kunakili, na kikombe cha chai kinatosha kumshukuru.

2. Mwongozo wa pili

Mmoja ni mzuri. Miwili ni mizuri zaidi, kwa sharti kwamba inagombana.

Nasema kugombana kwa sababu soko letu la miongozo lina ugonjwa: kunakiliana. Fungua miwili iliyoandikwa na watu tofauti kuhusu riwaya moja, utakuta dondoo zilezile, mfano uleule, hata kosa lile lile la jina la mhusika limehama nyumba bila kubadilisha nguo. Na ugonjwa huu unauma zaidi kwa kitabu kama Kidagaa Kimemwozea, ambamo Mwalimu Majisifu anajipatia sifa kwa mswada alioiba kwa kijana Amani. Watu wameisoma hadithi ya wizi wa maandishi, wameieleza sura kwa sura, kisha wakaibiana maelezo! Waandishi wa miongozo wanafanya kazi ya heshima, na heshima hiyo inadai kila mmoja asome kwa macho yake.

Kuhusu Nagona bahati ni kwamba wahakiki hawajakubaliana. Yuko anayesema yule mwanamke anayetafutwa ni ukweli. Yuko anayesema ni uhuru wa fikra. Yuko anayeona riwaya ya kifalsafa, yuko anayeona kazi ya kiusasabaadaye, na yuko anayeuliza kama hii ni riwaya kweli au ni shairi refu lililovaa suti. Wapo pia wanaolalamika kwamba Kezilahabi ameandika kwa ajili ya wasomi wachache na kumwacha nje mwananchi wa kawaida. Lalamiko hilo nalipokea kwa heshima na silikubali. Lugha ya Nagona, sentensi kwa sentensi, ni Kiswahili chepesi. Kijana wa kidato cha tatu hahitaji kamusi. Kigumu ni jinsi sentensi zinavyoungana, na kazi ya kuunganisha haihitaji shahada. Mwananchi wa kawaida anayeweza kufuata mafumbo ya kesi ya shamba kwa miaka saba mahakamani anaweza kuifuata Nagona.

Basi weka mwongozo mmoja kushoto, mwingine kulia, riwaya katikati. Kila miongozo inapotofautiana tia alama ya penseli pembeni mwa ukurasa wa riwaya. Alama zikijaa mahali pamoja, umefika penye moyo wa kitabu. Hapo zima simu.

1. Kezilahabi mwenyewe

Mwongozo bora kuliko yote wa Nagona una majalada manne, na hakuna anayeuuza kwa jina la mwongozo. Ni riwaya nne alizoziandika mtu huyohuyo kabla yake.

Anza na Rosa Mistika (1971), ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni na watu wakazidi kuisoma. Iko Ukerewe, ina baba mkali, ina binti anayelindwa hadi anavunjika, na kila kitu kiko mahali pake: nyumba, shule, barabara, ziwa. Njoo Kichwamaji (1974). Kazimoto amesoma, amerudi kijijini, na elimu yake haimpi jibu la swali moja tu, kwamba kuishi kuna maana gani. Ardhi bado ipo chini ya miguu yake lakini imeanza kutikisika, na mwisho wake ni wa giza. Mwaka uliofuata, 1975, ikaja Dunia Uwanja wa Fujo, na jina lake peke yake ni taarifa ya habari. Gamba la Nyoka (1979) ikaingia katika vijiji vya ujamaa kuuliza kama jamii inaweza kujivua ngozi yake ya zamani.

Kisha kimya. Kwa miaka kumi na moja hakuna riwaya mpya. Anakwenda Wisconsin, anaandika tasnifu, anarudi, anachapisha mashairi ya Karibu Ndani (1988). Na anaporejea kwenye riwaya, mwaka 1990, nyumba hakuna, barabara hakuna, jina la mhusika hakuna. Msomaji aliyeanza moja kwa moja na Nagona anadhani mwandishi anamtania. Msomaji aliyetembea naye tangu Rosa anajua kwamba kila kitu kilichokosekana humu kilikuwapo zamani, na kwamba mtu huyu alikiondoa kimoja kimoja kwa sababu swali la Kazimoto lilikataa kujibika ndani ya kuta za riwaya ya kawaida. Sijaona ufafanuzi wowote wa Nagona, wa chuo au wa mtaani, unaofikia nguvu ya kusoma Kichwamaji wiki moja kabla yake.

Najua utaniambia umetumwa kusoma riwaya moja na mimi nimekurudishia tano. Ndiyo! Lakini Rosa Mistika inasomeka kwa siku mbili, tena utakataa kuiweka chini. Ukiwa huna nafasi ya zote, chukua Kichwamaji peke yake. Ukiwa na nafasi hata baada ya hapo, kuna Mzingile (1991), inayoendelea pale Nagona ilipoachia, na miongozo yake ni haba. Nunua daftari.